Utani Mbele ya Fuvu la Tembo

Kila asubuhi Kunegunda alifagia uwanja wa nyumba yao ya Mfaranyaki huku akiwatania wapita njia. Alimtania muuza vitumbua, akamtania dereva wa bodaboda aliyeshindwa kuwasha pikipiki, na wote walicheka. Bibi yake, Bibi Benigna, alimwonya mara kwa mara kwamba mzaha mzaha hutumbuka usaha, lakini sikio la kufa halisikii dawa. Kunegunda alikuwa darasa la sita, na kwa ulimi hakuwa na mpinzani shuleni.

Siku moja Mwalimu Otto aliwapeleka wanafunzi wake makumbusho kuona maonyesho kuhusu Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Kuta zilijaa picha kubwa za misitu ya miombo, mto wenye viboko, na mbwa mwitu wakikimbia kwa kundi. Katikati ya ukumbi, juu ya meza, palikuwa na fuvu la tembo. Wanafunzi walilizunguka kwa hamu.

Mmoja tu alibaki mlangoni. Huyo alikuwa Zulfa, mwanafunzi mgeni kutoka Nalasi, wilayani Tunduru, aliyekuja kuishi na shangazi yake, Bi Ashura. Darasa zima lilijua kilichomleta. Baba yake aliuawa na tembo walioingia katika shamba lake la mikorosho kula mabibo, na arobaini yake ilikuwa bado haijafika.

Mwalimu alipotoka kuzungumza na mhudumu, Kunegunda alimshika Zulfa mkono akamburuta hadi kwenye meza.

"Myao wee, msalimie mzee! Huyu ndiye aliyemsindikiza baba yako kaburini!"

Darasa likaangua kicheko. Kunegunda akanogewa. Akanyoosha mkono mbele kama mkonga, akaanza kukanyaga sakafu kwa kishindo. "Baba yake alipiga debe kumfukuza. Tembo akadhani ni ngoma, akaja kucheza naye!"

Zulfa alilitazama fuvu, kisha mkojo ukamtiririka miguuni hadi sakafuni. Badala ya kunyamaza, watoto walicheka zaidi, wengine wakaziba pua. Ilikuwa aibu kubwa, lakini haikuwa ya Zulfa.

"Nani amefanya hivi?" aliuliza Mwalimu Otto aliporudi mbio.

"Ni utani tu, mwalimu," alijibu Kunegunda. "Mimi Mngoni, yeye Myao, na makabila yetu ni watani. Mtani haulizwi."

Kesho yake Zulfa hakuja shule, wala keshokutwa yake. Ikasikika kwamba anamlilia shangazi yake amrudishe Nalasi, na kwamba shule hataki hata kuisikia. Mwalimu Otto alikwenda mwenyewe kumweleza Bibi Benigna. Kunegunda alisubiri fimbo, lakini bibi hakugusa fimbo.

"Kumbe wewe ni mtani wa Zulfa," alisema. "Vizuri. Jumamosi ni arobaini ya baba yake. Mtani ana kazi msibani, nawe utakwenda kuifanya."

Jumamosi Bi Ashura aliwapokea uani kwake.

"Shikamoo, mama," alisema Kunegunda akiangalia chini.

"Marahaba. Huyu ndiye?"

"Ndiye," alijibu Bibi Benigna.

Bi Ashura alimwonyesha rundo la masufuria meusi na majivu ya kusugulia. Kunegunda akasugua, na wanawake wakampita kama hawamwoni. Karibu naye, bibi alimnyang'anya mpishi mwiko akapaza sauti, "Wayao hamna haya! Wageni mnawapikia pilau, mtani mnampa moshi!" Bi Ashura, aliyekuwa amelia asubuhi nzima, alicheka mpaka akafuta macho kwa khanga. Kunegunda alishangaa na kuona wivu.

Mara Zulfa akatoka ndani, akasimama mbele yake.

"Nisamehe," alisema Kunegunda. "Ulikuwa utani."

"Basi rudia."

"Nirudie nini?"

"Ulichosema kule makumbusho. Sema hapa, shangazi asikie. Kama ni utani, watu watacheka."

Wanawake wakageuka kusikiliza. Kunegunda alimtazama bibi yake, na bibi akatazama moto.

"Baba yake... alipiga debe..." Hakuna aliyemsaidia. "Tembo akadhani..."

Bi Ashura alijifunika uso, kilio kikamtoka upya. Sufuria ilimponyoka Kunegunda mikononi.

"Haukuwa utani," alisema huku akilia. "Nilikuonea. Nilitaka darasa linisifu."

"Ndiyo," alisema Zulfa. "Ulinionea."

Akachuchumaa, akaigeuza ile sufuria. "Hapa bado pana masizi. Sugua."

Jioni, njiani, Kunegunda aliuliza, "Bibi, mbona wewe uliwatania na wakacheka?"

"Habari za msiba zilipofika, nililala chini pamoja na Ashura," alijibu Bibi Benigna. "Nilimchotea maji, nikamkorogea uji aliposhindwa kusimama. Mtani wa kweli hubeba kwanza mzigo wa mwenzake, ndipo humchekesha ili upungue uzito. Anayemcheka mtu aliyeumia bila kumbebea chochote ni mwonevu, hata ajiite mtani mara mia."

Kunegunda akauliza kwa sauti ndogo, "Zulfa amenisamehe?"

"Amesema Jumatatu atarudi shule," alisema bibi. "Hayo mengine usimdai."