Mkono wa Gitaa la Theophil

Kila Theophil alipobonyeza ule mkono mpya wa chuma uliofungwa chini ya nyuzi za gitaa, nyuzi zilitetemeka vizuri. Alipouachia, ziliendelea kutetemeka.

Lilikuwa gitaa la umeme la bei nafuu, na mwaka huo wa hamsini na tisa wacheza dansi wa Kariakoo walitaka sauti za kuyumbayumba kama za kwenye santuri. Mkono wa dukani hakuumudu. Mbaruk, fundi vyuma wa mtaa wa pili, akamtengenezea kwa springi ya kiti cha baiskeli na bawaba ya shaba aliyoing'oa kwenye kasha kuukuu.

Kisha chumba kikaanza kunuka udi. Selina, mkewe, aliwauliza wapangaji wenzao. Hakuna aliyekuwa amefukiza.

Alasiri moja gitaa likiwa limetundikwa ukutani, halijaunganishwa na umeme, mkono ulishuka polepole kama umebonyezwa na kidole. Nyuzi zikatoa sauti nzito, ya kuvuta, nayo ilikuwa jina la mtu: Mauza.

"Labeka," Selina akaitika.

Theophil alimtazama. Mkewe alikuwa Mchaga wa Kibosho. Hakuwahi kuitika hivyo hata siku moja.

"Umemwitika nani?"

"Mimi? Sijasema kitu."

Theophil alitoka mbio hadi kwa Mbaruk. Fundi aliposikia jina lile aliweka tupa chini.

"Mauza ni marehemu shangazi yangu. Kasha lilikuwa lake," alisema kwa sauti ya chini. "Alikuwa na jini. Humo ndimo alimomweka, pamoja na udi wake."

"Mbona hukuniambia?"

"Niliona ni bawaba tu, ndugu yangu."

Wakamchukua Bi Saadiya, mama yake Mbaruk, aliyejua kuzungumza na majini. Walipofungua mlango moshi wa udi uliwapiga usoni ingawa hapakuwa na chetezo wala moto, na katikati ya moshi ule Selina alikuwa ameketi sakafuni, gitaa mapajani, macho yamegeuka meupe, mkono wa chuma ukipanda na kushuka bila yeye kuugusa, na kila uliposhuka kifua chake kilishuka nao, na kila mara kilichelewa zaidi kupanda.

Mbaruk alilinyakua gitaa, akaung'oa mkono ule na skrubu zake. Kifua cha Selina hakikupanda.

"Ameshatoka kwenye chuma," Bi Saadiya alinong'ona. Akapiga magoti. "Unataka nini, bwana mkubwa?"

Midomo ya Selina ilicheza. Sauti ilikuwa ya mzee mwanamume, imechoka.

"Mmenivunjia nyumba. Nataka pa kukaa."

"Tutakupa ubani. Tutakupa kasha jingine."

"Nimeshakaa kwenye kasha vya kutosha."

Midomo ya Selina ilikuwa inabadilika rangi. Theophil akamshika mikono; ilikuwa baridi.

"Basi kaa kwangu," alisema. "Mwache huyu."

"Usitamke hivyo, mwanangu," Bi Saadiya alisema, lakini maneno yalikuwa yameshatoka.

Selina akavuta pumzi kwa kishindo, akakohoa, akafumbua macho. Moshi ukatoweka. Alimtazama mumewe, akaomba maji.

Theophil alitaka kuinuka akamletee. Miguu ilikataa. Ndani ya kifua chake mtu mwingine alijinyoosha, taratibu, kama mgeni anayejaribu kitanda kabla ya kulala.