Maji Mdomoni mwa Dobi

Jua lilikuwa linazama memsabu aliponipa fedha zilizofungwa kwenye leso, akanituma Kariakoo nikanunue pasi. Si pasi ya mkaa. Alitaka ya umeme, ile mpya inayotoa mvuke. Alisema nichague mwenyewe, maana mimi ndiye nitakayeishika.

Huo ulikuwa mwaka 1956. Memsabu aliitwa Ranjanben, na nyumba yake ilikuwa Upanga. Mimi nilikuwa yaya wake.

Dukani kwa Umakant taa ilikuwa imeshawashwa. Mzee yule alizitoa pasi tatu, akazipanga mezani.

"Usitazame rangi," aliniambia. "Inyanyue."

Nikainyanyua moja baada ya nyingine. Iliyo nyepesi, alisema, haitalaza kola. Akanionyesha namna ya kuigeuza na kupitisha ukucha kwenye uso wake wa chini. Ukucha uteleze, usikwame mahali. Kisha nitikise mpini, halafu nitazame pale waya unapoingia, kama umebanwa sawasawa. Nikachagua ya pili, iliyokuwa nzito kuliko zote.

"Maji ya bomba yana chumvi," aliongeza wakati akiifunga kwenye boksi. "Ukiyatia humu, itatema kutu kwenye nguo nyeupe. Tia maji ya mvua, uyachuje. Ukimaliza, mwaga yote. Usiyaache yakalala ndani."

Halafu akauliza habari za dobi wetu. Nikasema anaumwa kifua. Umakant akaiondoa mikono yake mezani polepole, akasema naye amesikia hivyo.

Dobi wetu hakuwa anaumwa. Nataka mlijue hilo mapema.

Aliitwa Bakili, mtu wa Kilwa, na alikuwa ameipigia pasi nyumba ile kwa miaka kumi na mmoja. Alifanya kama madobi wote wa siku zile. Alijaza maji mdomoni kutoka kwenye kopo la bati, akayapuliza juu ya nguo, pfuuu, ukungu mwembamba, huoni hata tone. Kwanza alitafuna karafuu, ili nguo zinukie. Kazi hiyo aliifanya katika chumba cha uani, na chumba kile kilikuwa kikavu.

Mimi nilikuwa nimepanga Jangwani na binti yangu Josepha, mwenye miaka minne. Masika maji yaliingia ndani mpaka kwenye miguu ya kitanda. Josepha alikohoa usiku kucha, mpaka midomo ikageuka rangi. Asubuhi nilimwacha kwa jirani, nikaenda Upanga, nikakitazama chumba cha Bakili. Nilikitazama kila siku.

Alasiri moja Bakili alikwenda kuswali. Nikajidunga kidole kwa pini. Nikakinyonya. Nikapiga funda la maji, nikayachanganya mdomoni na ile damu, nikapuliza juu ya foronya nyeupe ya memsabu, kama nilivyomwona yeye akifanya. Pfuuu.

Zikatokea nukta ndogo nyekundu, kama alama za kuumwa na siafu.

Nilimpelekea memsabu foronya ile bila kusema neno. Haikuwa lazima niseme. Alijifunika mdomo kwa upindo wa sari. Bakili alipotoka msikitini alikuta kopo lake limetupwa nje ya geti. Wiki haikuisha kabla mtaa mzima haujajua kwamba dobi ana kifua kikuu, tena anawatemea watu damu kwenye nguo.

Mimi na Josepha tukahamia chumba cha uani. Kikohozi kikakoma.

Basi jioni ile nilitoka dukani na boksi langu, nikapita Mtaa wa Mchikichi. Bakili alikuwa ameketi barazani kwake. Juu yake kamba za nguo zilikuwa tupu, kuanzia ukuta hadi ukuta. Nilitaka kupita haraka, lakini alikuwa ameshaniona.

"Evarista. Umebeba nini?"

"Shikamoo, mzee. Pasi."

"Marahaba. Hebu niione."

Akaitoa kwenye boksi, akaipima mkononi, akapitisha ukucha chini yake. Akaniambia nimechagua vizuri. Kisha, bila kuinua macho, akanong'ona:

"Ile damu ilikuwa ya nani?"

Sikuweza kumdanganya. Nilisema tu kwamba mwanangu sasa hakohoi.

Akairudisha pasi kwenye boksi.

"Basi kaa na chumba," alisema. "Ila mwambie mtu mmoja. Mmoja tu, kabla sijafa. Sitaki kuzikwa na ugonjwa usio wangu."

Nikamwahidi kwamba kesho nitasema.

Kesho yake sikusema. Wala keshokutwa. Hakuna aliyempa Bakili nguo tena, na kwa kuwa hakupewa nguo, hakula. Wiki ya tatu homa ndogo ilimkuta hana nguvu, ikamchukua.

Nilikwenda msibani. Nilisimama nyuma ya wanawake wenzangu, nikasikia wanaume wakibishana kwa sauti ya chini mlangoni. Hakuna aliyetaka kumwosha. Kila mmoja alikuwa na watoto nyumbani.

Ndipo alipotoka Zamzam, dada yake marehemu, mwanamke mfupi, mwembamba. Akauliza kama yupo yeyote pale anayemjua kaka yake, anayeweza kusema kwamba hakuwa mgonjwa. Akauliza tena. Mara ya tatu alinitazama mimi, kwa sababu alijua nyumba niliyotoka.

Nilimfikiria Josepha, amelala kwenye godoro kavu.

Nikatazama miguu yangu.

Wakamwosha Bakili kwa kumrushia maji kutoka mlangoni, ndoo baada ya ndoo, kama watu wanaosafisha zizi. Hakuna mkono uliomgusa mpaka alipofunikwa. Mtu aliyenyoosha nguo za nusu ya Upanga alikwenda kaburini na sanda iliyojikunja.

Jioni ile nilichuja maji ya mvua, nikayatia kwenye pasi, nikachomeka waya. Mvuke ulipotoka tu, nikasimama.

Karafuu...

Nikamwaga maji yote. Nikaikausha pasi kwa kitambaa, nikaiacha mpaka kesho. Kesho yake sikutia hata tone. Nikaichomeka.

Pfuuu.

Kimya kidogo, kama mtu anayepiga funda jingine.

Pfuuu.

Nilimrudishia Umakant. Aliifungua kwa bisibisi mbele yangu, akaingiza kidole ndani. Kavu kabisa. Akasema pengine ni unyevunyevu wa nguo unaopanda kwa joto, mambo kama hayo hutokea. Lakini aliinusa, kisha akaniuliza kama memsabu hutia viungo kwenye kabati la nguo.

Siku ya tisa nilishindwa. Nilikwenda mbele ya memsabu kumweleza kila kitu. Nikafungua kinywa.

Kilikuwa kimejaa maji.

Maji baridi, mpaka kwenye ufizi. Nikameza. Yakajaa tena. Memsabu akaniuliza nina nini, nami nikakimbilia uani, na hapo yakatoka yenyewe kama ukungu, huoni hata tone. Baadaye nikaenda kuungama kanisani. Nilisema dhambi zangu zote ndogo bila shida. Nilipofika kwa Bakili, padri alirudi nyuma kwenye kiti chake, akaivua miwani na kuifuta.

Nikabaki na mtu mmoja. Ijumaa, magharibi, nilibisha kwa Zamzam.

Alinikaribisha mkekani. Nilikusudia kulitamka jina tu, jina la kaka yake. Ukungu ukamtua usoni.

Zamzam hakupiga kelele. Alijifuta shavu kwa vidole viwili, akavinusa.

"Karafuu," alisema. "Kumbe ni wewe."

Akaingia ndani. Alirudi na pasi ya mkaa iliyokwisha kukolea na kanzu moja nyeupe, chafu, iliyokunjamana. Akaitandika mbele yangu.

"Piga."

Nilitazama huku na huku kutafuta kopo. Hakuleta maji. Akaniambia ninayo.

Nikapiga pasi kanzu ya Bakili kwa maji ya mdomoni mwangu, na huko hayakukauka mpaka nilipomaliza upindo wa mwisho. Nilipoinuka, Zamzam aliniambia nitakuja kila Ijumaa.

"Nisipoweza?" nilinong'ona. Kwa swali hilo sauti ilitoka bila taabu.

"Yeye alikufa na kifua kizima," alisema. "Kile ulichompa bado kinatafuta pa kukaa. Mwanao analala chumbani mwake, sivyo?"

Ijumaa ya pili nilikuta kanzu ile ile. Nilikuwa nimeiacha imekunjwa sawasawa kama karatasi. Sasa ilikuwa na makunyanzi kwenye viwiko, na nyuma ilijikunja kama ya mtu aliyeketi muda mrefu. Kola ilikuwa na jasho. Nilijiambia Zamzam anaivaa makusudi ili anitese, na haki ya kunitesa anayo. Lakini Zamzam angeivaa kanzu ile ingemfunika mpaka vidole, na upindo ungeburuzika chini.

Upindo ulikuwa safi.

Huu ni mwezi wa saba. Josepha amenenepa, hakohoi, na chumba ni kikavu. Memsabu ananisifu kwa majirani. Anasema tangu aninunulie pasi ile foronya hazijawahi kunyooka vile. Kila Ijumaa naenda Mchikichi. Zamzam hufungua mlango, hunionyesha mkeka, hatusemi. Nanyoosha, nakunja, naondoka.

Ijumaa iliyopita niliwahi kidogo, adhana haijaisha. Kanzu ilikuwa tayari juu ya mkeka, na Zamzam alikuwa bado uani akitia udhu. Nikaishika kola ili niigeuze.

Ilikuwa bado ina joto.