Maji Yanayopanda Mlima

Kengele ya shule ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa kwenye mkaratusi. Ilipogongwa alfajiri, wasichana wa bweni walikimbilia mferejini kunawa. Na maji ya kijiji cha Mamba, juu kwenye milima ya Upare, enzi hizo za Mwingereza yalikuwa baridi hasa: ukinawa uso Jumatatu, ulianza kuusikia tena Jumatano.

Simaloi ndiye aliyekuwa wa mwisho kuondoka mferejini kila siku. Hakuwa mvivu, alikuwa akiyatazama maji. Alizaliwa kwenye boma la wafugaji, nyikani chini ya Same, ambako maji hukaa kisimani yakiwangoja watu. Haya ya mlimani yalikuwa na safari zao. Yalitoka kwenye ndiva, bwawa lililochimbwa na mababu wa Wapare, yakaambaa na ubavu wa mlima kando ya njia ya kuteremkia kanisani. Na pale kwenye kona, Simaloi aliyaona kwa macho yake mawili: yalikuwa yanapanda.

Siku moja Mwalimu Rogathe, aliyewafundisha hesabu na uchoraji, alitangaza kwamba picha moja ya darasa lao itapelekwa kwenye maonyesho ya shule huko Same, bomani kwa Bwana DC.

"Nendeni mkachore kitu cha hapa hapa," alisema. "Mtu achore anachokiona, si anachokisikia."

Kwa Simaloi huo haukuwa mchezo. Baba yake, mzee Moringe, alikuwa amemruhusu kusoma mwaka mmoja tu. "Nikija Same mnadani," alimwambia, "utanionyesha ulichokipata huko juu. Nisipokiona, tunarudi wote nyumbani."

Simaloi akauchora mfereji, njia na migomba. Ndizi zake zilichorwa vizuri hata mpishi wa shule akauliza zitakatwa lini. Na maji akayachora yakipanda kona.

"Hii ndiyo picha bora kuliko zote," alisema Mwalimu Rogathe. "Lakini maji yanapanda mlima, Simaloi. Rekebisha hapo, niipeleke."

"Mwalimu, yanapanda kweli."

Darasa zima likaangua kicheko. "Jamani!" alidakia Priska, aliyelala kitanda jirani na chake. "Huko kwenu maji yanapanda mpaka juu ya miti?"

"Kwetu hayapandi popote," alijibu Simaloi. "Sisi ndio tunaoyafuata."

Jioni Priska alimwonea huruma. "Wewe nawe! Pindisha mstari tu, yaishe. Nani atajua?"

"Nitajua mimi. Baba akiniuliza kama niliona hivyo, nitamjibu nini?"

Kesho yake, makande ya mchana yalipokwisha, Simaloi alimfuata mwalimu. "Shikamoo, mwalimu. Naomba twende ukaone mwenyewe."

"Marahaba. Haya, twende."

Wakaenda, na Priska nyuma yao, na Ruthi, binti wa mchungaji. Pale kwenye kona Mwalimu Rogathe alisimama, akatazama. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Hebu!" alisema. "Yanapanda! Na mimi napita hapa kila Jumapili."

"Ala!" alisema Priska. Ruthi akaanza kuimba pambio kwa sauti ndogo.

Simaloi hakushangilia. Alikuwa anawaza. "Mwalimu, juzi ulituambia maji yaliyotulia kwenye chombo yanakaa sawa, hata chombo kikiinama. Tukiyauliza hayo?"

Priska akatumwa jikoni, akarudi mbio na sahani ya bati. Wakaijaza maji hadi ukingoni, wakaiweka kando ya mfereji, usawa mmoja na maji yake, pale chini yalipoanza kupanda. Ruthi akaenda kusimama ndani ya mfereji kule mbele, juu yalikofika. Simaloi akalala kifudifudi, akafumba jicho moja, na kwa la pili akachungulia usawa wa maji ya sahani moja kwa moja hadi kwa Ruthi.

"Unaona nini?" aliuliza mwalimu.

"Magoti ya Ruthi."

"Na maji ya mfereji yanamfika wapi?"

Simaloi akainua kichwa, akatazama. "Vifundoni, chini ya magoti. Kwa hiyo mfereji kule uko chini kuliko hapa! Maji yanateremka, mwalimu."

Mwalimu naye akalala chini na gauni lake la kazi, akachungulia. "Kweli. Njia ndiyo inayoteremka kwa kasi, mfereji unateremka polepole. Jicho linaifuata njia, halafu linadhani mfereji umepanda."

"Basi nilikosea," alisema Simaloi.

Safari hii hakuna aliyecheka, maana wote walikuwa wameona alivyoona yeye. Simaloi hakufuta picha yake. Chini yake alichora nyingine: sahani, msichana aliyelala kifudifudi, na magoti ya Ruthi. Ruthi alilalamika kwamba yamechorwa manene mno.

Mwalimu akaipeleka hivyo hivyo. Huko Same, siku ya maonyesho, mzee Moringe alitoka mnadani akasimama mbele ya karatasi hiyo kwa muda mrefu. Simaloi akainamisha kichwa, baba akakigusa kumsalimu.

"Hapa maji yanapanda," alisema.

"Ndivyo nilivyoona, baba."

"Na hapa chini?"

"Hapo nilipima. Yanateremka."

"Kwa hiyo ulikosea."

"Ndiyo, baba."

Moringe akamgeukia mwalimu. "Nani alimwambia alionyeshe na kosa lake?"

"Hakuambiwa na mtu, mzee."

"Vijana wangu wakipoteza ndama huniambia ni fisi. Kila siku fisi! Sijasikia mmoja akisema: niliona hivi, nikapima, nikakuta nimekosea." Akatikisa kichwa. "Mrudishe huko juu. Mwaka mmoja hautoshi."

Mwalimu Rogathe alimshika Simaloi bega. "Umesikia? Jicho kukosea si aibu. Ungepindisha mstari ili nikusifu, picha ingekuja Same, lakini ukweli tusingeujua hata leo. Sema ulichokiona, kisha ukipime."

Mzee Moringe hakungoja amalize. Alikwisha kumwomba mama muuza chai sahani, akaijaza maji, na sasa alikuwa amelala kifudifudi na shuka lake katikati ya uwanja wa boma, jicho moja amelifumba.

"Mwalimu," aliita, "hebu simama pale barabarani!"