Kurasa Zilizorukwa

Siku sauti ile iliposikika kwa mara ya kwanza hakuna aliyeshtuka, kwa sababu kila mmoja alidhani ni mwenzake.

Ilikuwa saa ya chai katika karakana ya kushonea sare za shule. Cherehani zimenyamaza, vitambaa vya buluu vimerundikwa mezani, na mafundi wanne wamekaa kwenye viti vya plastiki wakipeana habari za vitabu. Wenzao wakinywa chai husengenya, hawa waliulizana, "Wewe uko kwenye kitabu gani siku hizi?" Kusengenya walisengenya pia, ila baadaye.

Mama Pacha alikuwa kwenye kitabu cha ufugaji wa kuku, na kwake hana hata kifaranga. Bosi, fundi mkuu, alikuwa anarudia riwaya yake ya upelelezi, ambayo kila akiisoma humsahau muuaji. Zamu ikamfikia Miwani, fundi wa vifungo.

"Mimi nimemaliza kile alichonipa Redio," akasema. "Kile cha mama anayemngoja mwanawe aliyepotea. Jamani, nimelia mimi."

"Usituharibie mwisho," akasema Mama Pacha.

"Nikuharibie nini, wewe si uko na kuku wako. Mwana anarudi. Ukurasa wa mwisho kabisa, mama amekaa mlangoni anachagua mchele, anaona kivuli, anainua macho, ni yeye."

"Alirudi?" ikauliza sauti.

Ilikuwa sauti ndogo, ya mtu aliyeumia. Miwani akamgeukia Mama Pacha ili amjibu, akamkuta anatafuna, mashavu yamejaa. Bosi akamtazama Redio. Redio alikuwa amesawijika, maana sauti ilitokea nyuma yake, kwenye kiti kisichokaliwa na mtu, na hapo palikuwa pananuka marashi ya waridi yaliyoungua. Bosi akasema pasi imeachwa kwenye kitambaa. Wakaitafuta, wakaikuta baridi.

Redio aliitwa Redio kwa ajili ya sauti yake. Akisoma, hata mtu mwenye haraka zake husimama dirishani. Na sauti hiyo ndiyo aliyoiomba mama mkwe wake alipopofuka. Tuseme kweli, kwani wafu nao wana mambo yao: bibi yule hakuwa mtu mwema. Tangu Redio aolewe hakuwahi kuonja neno tamu kinywani mwake. Akipika, chumvi imezidi; asipopika, mvivu. Mimba yake ya kwanza ilipoharibika, bibi alisema mbele ya majirani kwamba mwanawe amepanda mbegu juu ya jiwe. Redio akameza. Aliye juu mngoje chini, akajisemea, na akangoja kweli, hata binti yake alipozaliwa mzima bado alikuwa anangoja.

Bibi akashuka. Macho yakazima yote, na mwanawe, dereva wa malori, safari zake ni za miezi. Nyumbani wakabaki wanawake wawili wasiopendana, na mtoto.

"Nisomee, mke wa mwanangu," bibi akaomba, kwa upole ambao Redio alikuwa haujui. Kitabu alikichagua mwenyewe, kile cha mama na mwanawe. Na kila mara kabla ya kuanza alisema, "Weka na kiti kingine hapa ubavuni. Kuna mwenzangu naye anasikiliza." Redio aliweka kiti huku anacheka moyoni kwamba sasa akili nazo zimefuata macho.

Alisoma vizuri, hilo hatumnyimi. Lakini walipokaribia mwisho akaona jinsi bibi alivyoinama mbele, mikono kifuani, anamngoja yule kijana wa kitabuni kana kwamba ni wa tumbo lake, na Redio akalikumbuka lile jiwe. Akalowesha kidole kwa ulimi. Akazifunua kurasa zote zilizobaki kwa mkupuo mmoja, akatunga zake. Akasoma, kwa sauti ile ile ya asali, kwamba kijana alifia ugenini zamani sana, akazikwa na watu wasiomjua hata jina, na mama yake alingoja bure maisha yake yote.

"Ndivyo ilivyoandikwa?" bibi akauliza.

"Ndivyo, mama."

Bibi akageukia ukutani. Hakula tena chakula cha maana, na alikufa kabla lori la mwanawe halijarudi. Msibani Redio ndiye aliyelia kuliko wote. Kisha akakitoa kitabu kwa Miwani, maana hakutaka kukiona tena, na hapo ndipo alipokosea. Ukitaka kitabu kikae kimya, usimpe msomaji.

Mambo yalianza asubuhi iliyofuata siku ile ya chai. Alikuwa anamsuka binti yake, ambaye nyumbani walimwita Kifaranga, mtoto wa darasa la kwanza mwenye pengo la meno ya mbele na maneno yasiyokwisha.

"Mama, unajua jana mwalimu alipokaa kwenye chaki?" mtoto akaanza, na Redio akatabasamu tayari kucheka. Ndipo akasikia, karibu na sikio lake, mtu analowesha kidole kwa ulimi. Kisha mchakacho wa karatasi.

Akajikuta kwenye foleni ya maji, ndoo mkononi, jua limepanda, mwanamke wa mbele yake anamtukana. Alidhani ni kizunguzungu. Jioni akamuuliza mtoto kwa siri, kama mtu anayeulizia aibu yake mwenyewe, "Asubuhi nilikusuka?"

"Si ulinisuka, mama. Tukaimba, ukacheka mpaka ukatoa machozi."

Redio hakuwa na hata chembe ya kicheko hicho. Alikipekua kichwani, hakikuwemo.

Mumewe akarudi safari. Aliliona lori linakunja kona, akavua kanga ya jikoni, akatoka mbio; kidole, ulimi, karatasi, na akajikuta anaosha sahani ya mtu aliyekwisha kuondoka tena, mto wake bado unanuka dizeli. Miwani alimwambia karakanani kwamba siku zile alikuwa anang'aa kama bi harusi. Lakini jino lilipomuuma aliumwa saa baada ya saa, hakuna hata moja iliyorukwa. Bosi alipomsimanga kwa sare zilizoharibika, alilisikia kila neno. Machungu yote aliachiwa. Ni matamu tu yaliyokuwa yanachukuliwa.

Na sasa hofu ikamwingia ya kweli, hofu ya mama, kwa sababu matamu yake karibu yote yalikuwa yanatembea kwa miguu miwili na yana pengo la meno. Na Kifaranga alipochaguliwa kusoma mbele ya shule nzima, siku yenyewe Redio alikwenda mapema, akakaa mstari wa mbele, akajifinya paja, akauma ulimi, akajisemea moyoni kwamba hili halifurahii, hili ni jambo la kawaida tu, mtoto anasoma, watoto wote husoma, na mtoto akapanda, akafungua kitabu, akamtafuta mama yake kwa macho, akamwona, akacheka, na marashi ya waridi yaliyoungua yakajaa ukumbi, na kidole kikaloweshwa taratibu, bila haraka, kama mtu anayejua kwamba anasubiriwa.

Viti vilikuwa vinakunjwa. Mtoto alikuwa mbele yake, amemshika mkono.

"Umenisikia, mama?"

"Nimekusikia," Redio akasema, na uongo huo ulimkata kuliko ule wa kwanza.

Mchana ule alikwenda moja kwa moja hadi chumba cha marehemu, akafunga mlango. Vile viti viwili vilikuwa pale pale.

"Wewe ni nani?" akanong'ona.

"Unanijua," ikajibu ile sauti, na kiti kikalia kama kimeelemewa. "Ni wewe uliyekuwa unaniwekea kiti."

"Unataka nini kwangu?"

"Nilikuwa na rafiki yangu tangu usichana wake. Nilimwona amekufa kwa huzuni, na mimi nikamlilia yeye na nikamlilia yule kijana. Kumbe alirudi. Uliniruka kurasa, nami nakuruka. Matamu tu. Machungu nitakuachia uyasome neno kwa neno."

"Mtoto wangu hana kosa."

"Na mimi nilikuwa na kosa gani?"

Mkuki kwa nguruwe. Redio alitoka chumbani kwa kutambaa.

Miwani ndiye aliyempeleka kwa mganga, mwanamke mfupi aliyekuwa akitengeneza miavuli barazani kwake, kazi yake ya mchana, na za uganga zikija. Mganga aliwasikiliza bila kuinua macho kutoka kwenye vyuma vyake.

"Huyo ni pepo, hajui kusoma," akasema. "Wengi wao hawajui. Wao ni wa kusikia tu, ndiyo maana ukiwadanganya wanaumia kama watoto. Kichukue kitabu, ukamsomee chote, tangu mwanzo, kwa sauti. Usiruke hata nukta."

"Ataondoka?"

"Akiridhika ataondoka. Ila mwanao asiingie humo ndani."

Miwani akamrudishia kitabu kwa ncha za vidole. Siku ya mapumziko, asubuhi, Redio alimtoa Kifaranga uani na kamba yake ya kuruka, akafunga mlango wa chumba, akakaa kitandani mkabala na vile viti viwili. Akaanza. Alisoma na mahali pa kuchosha, alisoma na majina ya miji, alisoma hata jina la mpiga chapa. Koo likamkauka, hakuthubutu kunywa. Nje kamba ilikuwa inapiga ardhi, tap, tap, na mtoto anahesabu, anakosea, anaanza upya, na sauti hiyo ndiyo iliyomshika asizimie. Kiti cha pili kikawa kinainama mbele kidogo kidogo, miguu yake ya nyuma imeinuka sakafuni, na hakianguki.

"Akaona kivuli," Redio akasoma mwishoni, sauti imebaki uzi. "Akainua macho. Ni yeye."

Kisha pale kitini mtu asiyeonekana akalia, kilio cha furaha, kirefu, cha kutia huruma.

"Alirudi," ikasema sauti.

"Alirudi," Redio akasema naye, analia.

"Basi mimi nimeridhika. La kwangu nimekusamehe. Naondoka." Na kweli harufu ikaanza kupungua, hewa ikarudi chumbani, na Redio akavuta pumzi ya kwanza nzima tangu siku ile ya chai.

"Na yeye je?" sauti ikauliza, sasa iko mlangoni.

"Nani?"

"Rafiki yangu. Alikufa anajua kwamba kijana hakurudi. Yeye nani atamsomea?"

Redio aliomba tu. Aliomba kwa jina la mtoto.

"La kwake si langu kulisamehe," ikasema sauti, kwa upole kabisa. "Nilimwahidi kumlipia."

Akasikia kidole kinaloweshwa. Na safari hii karatasi haikuwa moja. Zilikuwa nyingi, bunda zima, zimefunuliwa kwa mkupuo mmoja.

Uani hapakuwa na sauti ya kamba.

"Kifaranga!" akaita.

Nyayo zikaja, nzito, za mtu mzima. Mlango ukafunguliwa na mwanamke mrefu mwenye paji la uso la dereva wa malori, anajifuta unga mikononi.

"Kifaranga, leo?" akacheka. "Umekumbuka mbali, mama. Nani ananiita hivyo siku hizi?"

Redio alitazama mikono yake mwenyewe juu ya kitabu. Ilikuwa ya kikongwe. Alimtazama yule mwanamke mdomoni, akitafuta pengo.

"Nani amekulea?" akauliza.

"Swali gani hilo, mama. Si wewe." Binti akapiga magoti mbele yake, ameingiwa na wasiwasi. "Wewe ulinisuka, wewe ulinisomea kila jioni. Watu walikuwa wananionea wivu kwa kicheko chako."

"Nihadithie," Redio akasema, amemkamata mikono yote miwili. "Nihadithie yote, mwanangu. Usiruke kitu."

"Yote? Ya utotoni nani anayakumbuka, mama."

Binti akavuta kiti, akafikiri kidogo, akaanzia kwenye harusi yake.