Kaa la Bibi Rebeka

Theodora, jirani yetu hapa Ikungi, hakuwa mtu mbaya. Haraka yake ndiyo iliyomponza. Mama yake, bibi Rebeka, alipokwenda Utemini kwa binti mwingine ili atibiwe, akakaa huko miezi minane, Theodora alilibomoa tembe la mama, lile la kuta za udongo, paa bapa na mlango mfupi wa kuinamia. Palepale akajenga nyumba ya kisasa amstareheshe mzee: nguzo za mviringo kibarazani, dari ya jipsamu, vigae vya kung'aa, na mlango wa tao wenye urefu wa mita mbili na nusu.

"Kwangu hakuna atakayeinama kama kuku anaingia bandani," alisema.

Fundi Laurenti alimuuliza siku ya kubomoa, "Dada, kaa mmeshalitoa?" Maana ukoo wao ulikuwa na desturi: tembe haliguswi mpaka mwenye nyumba atoe kaa la moto jikoni kwa mkono wake, alipeleke makao mapya.

Theodora akacheka. "Kaa la nini? Mimi napikia gesi."

Wiki ya kumleta mama, Laurenti alipita mlangoni na ndoo ya rangi, akajigonga, akaanguka. Juu yake hapakuwa na kitu. Kwenye paji la uso alikuwa na mstari wa masizi. Kesho yake fundi umeme naye. Kisha Theodora mwenyewe, mara mbili kwa siku moja.

"Umenijengea nini wewe?" akafoka. Laurenti akapima. Mita mbili na nusu. Akaamriwa avunje tao, aliinue. Akaliinua. Theodora akajigonga palepale pa jana, akakaa chini akalia kwa hasira. "Nimechoka! Nyumba yangu mwenyewe inanikataa!"

Jumamosi saa sita mchana mama akafika. Alilitafuta tembe lake kwa macho. Akaushika mkongojo, akainama sana mbele ya mlango ule mrefu, akapita salama.

Theodora na Laurenti, waliobaki nje, wakasikia sauti yake, ndogo.

"Shikamoo, mama."

Mama mzazi wa bibi Rebeka alikufa Theodora hajazaliwa.

Moshi ukanukia.

"Mama! Unaongea na nani?"

"Wazee wetu wamekaa bila paa muda mrefu, mwanangu. Ngoja niwawashie moto."

Theodora akakimbia. Akajigonga. Akarudia. Damu.

"Dada," Laurenti akanong'ona. "Inama."

Akainama, kwa mara ya kwanza. Akaingia.

Sebule tupu. Madirisha yana nondo. Mlango wa uani umefungwa, ufunguo uko mfukoni mwa Theodora. Mkongojo ulikuwa chini. Kando yake, nyayo za jivu za watu wawili, bega kwa bega, zikielekea ukutani. Za kurudi hazikuwepo.

Walimtafuta hadi porini. Mpaka leo bibi Rebeka hajaonekana.

Theodora bado anaishi humo, anaingia ameinama, anasugua vigae huku analia na kujilaumu. Jivu lilitoka. Ila kigae kimoja katikati ya sebule hakipoi. Mwezi uliopita alimwambia Laurenti akivunje. Chini yake, ndani ya zege, wakakuta kaa moja jekundu, linawaka.

Laurenti akamsogezea koleo. Theodora hakulipokea. Kaa hutolewa na mwenye nyumba, na mwenye nyumba si yeye.