Miwani Iliyopimwa Kabla ya Mlima

Siri ukinipa mimi, umeizika na kupanda majani juu yake. Mjomba wangu, fundi saa, zamani alipasuliwa macho ili aachane na miwani: mikato myembamba kuzunguka kioo cha jicho, kama miale ya jua. Alinidokezea mimi tu. Mteja gani atamwachia saa fundi mwenye macho ya viraka? Nikafunga mdomo, na mpaka leo najivunia.

Basi, baba yangu ni daktari wa macho mwenye wazimu wa milima. Wenzake wakipata likizo hulala. Yeye hupanda kwenye hewa nyepesi akapime macho ya wapandaji, ajue yanabadilikaje huko juu. Safari hii alimfuata mjomba, kaka wa mama, dukani kwake.

"Shemeji, twende ukanyooshe mgongo. Umejikunja kama spring ya saa."

"Nikifa huko?"

"Dada yako ataniua na mimi. Kwa hiyo hufi."

Wakaenda. Mimi nilikuwa mpishi, nikabaki kwenye hema la chini kulinda sufuria dhidi ya adui asiyekuwepo.

Asubuhi ya kupanda, jua liliwaka juu ya theluji mpaka mlima mzima ukawa kioo. Kila walipopumzika, baba alivua miwani yake ya giza, akamsogelea mjomba na kijitochi, akamchungulia jichoni. "Tazama juu. Tazama chini." Mjomba akadhani ni mapenzi ya shemeji.

Alasiri upepo ukageuka. Ukungu ulimeza njia, theluji ikawapiga mashavuni kama changarawe. Walijibanza kwenye pango dogo la mwamba, wakiwa wamefungana kwa kamba moja. Mjomba alitaka kukaza fundo kiunoni mwake. Vidole vikapapasa, vikakosa.

"Shemeji, fundo silioni. Hata vidole vyangu ni moshi mtupu."

Baba hakushtuka. Alifungua mfuko wa kifuani, akatoa miwani. "Vaa."

Mjomba akavaa, na fundo likarudi mahali pake, uzi kwa uzi. Alitaka kushukuru, lakini mkono wake ulikuwa umeshafika sikioni. Miwani ilimkaa barabara, haikubana wala kuteleza. Mtu anayepata riziki kwa skrubu ndogo kuliko chawa hapitwi na kitu kama hicho. Akaivua, akaigeuza.

"Hii ya nani?"

"Yako."

"Uliitengeneza lini?"

Baba akasema, "Kabla hatujaondoka. Jicho lililokatwa hubadilika umbo kwenye hewa nyepesi, vitu vya karibu vikapotea. Nilihitaji kumwona mtu kama wewe tangu bondeni mpaka juu. Ukishuka, macho yatarudi."

"Ulijua, ukanifunga kamba ukanileta."

"Ningekuambia, ungekataa."

"Ningekataa! Ndiyo maana watu huulizwa!" Sauti ya mjomba ilipasuka. "Unaniita shemeji, kumbe mimi panya wako."

Walilala mgongo kwa mgongo, kwa sababu ya baridi, si kwa sababu ya undugu.

Kulipokucha dhoruba ilikuwa imetulia, lakini baba hakuweza kufumbua macho. Kope zilivimba, machozi yakichuruzika. Mng'ao wa theluji, ule aliouangalia bila kinga akimchungulia mwenzake, ulikuwa umemchoma. Mganga hajigangi.

"Shemeji, sioni. Kama nimetiwa mchanga wa moto."

Baba akasikia vidole vya mjomba vikishika kamba.

"Usiifungue," alisema, polepole.

"Naikaza. Dada yangu hakuolewa na maiti."

Wakashuka, mwenye miwani mbele, daktari nyuma amefungwa kitambaa usoni.

"Kisigino kwanza. Chimba. Sasa kushoto."

"Kuna korongo?"

"Lipo. Ningekuambia, ungekataa kutembea."

Baadaye baba aliomba maji.

"Funda moja. Kunywa."

"Na wewe?"

"Sisi panya tunaramba theluji."

Baba alipoteleza, kamba ilimkata mjomba kiunoni mpaka damu, lakini alijibana kwenye jiwe, akamvuta. Hakumpa pole. Walipofika kwenye hema langu, midomo imepasuka, mjomba alifungua fundo lake mwenyewe na kusema, "Umefika, Daktari." Tangu siku ile hajamwita shemeji tena.

Macho ya baba yalipona. Ya mjomba yalirudi, kama alivyoahidiwa, na miwani ile ameitundika kwenye msumari juu ya meza ya kazi. Juzi nilikuwa pale nimeegemea kaunta, mama amekuja na saa yake iliyosimama.

"Kitu kimoja kinanisumbua," mjomba akasema, bisibisi mkononi. "Daktari alijuaje habari ya macho yangu?"

"Ah, mjomba! Madaktari wana vyombo. Alikuona tu, akajua."

Mama akacheka. "Vyombo gani? Si wewe, mwanangu, ulitusimulia mezani? Ukamwigiza mjomba wako anatoka hospitali anapapasa ukuta. Tulicheka sana, mpaka baba yako akaweka kijiko chini akauliza, 'Alipasuliwa namna gani?'"

Saa zote dukani zikasikika.

Mjomba aliweka bisibisi mezani. Akanyoosha mkono kwenye msumari, akaitwaa miwani, akaivaa.

"Sogea hapa kwenye taa," akaniambia. "Nikutazame vizuri."