Ngozi ya Ng'ombe wa Korongoni

Ilikuwa Jumatano, tarehe kumi na nne Agosti 2024, saa sita na dakika kumi mchana, maana adhana ya adhuhuri ilikuwa bado haijasikika hapo Mlali, Mzee Pazi alipotambua kwamba kanda zake hazipungui.

Alikuwa uani tangu asubuhi, akisuka kamba ya kufungia ng'ombe. Mwanzo wa kamba aliufunga kiunoni mwake ili mwili uivute. Kanda nne za ngozi mbichi zilikuwa zimelowekwa ndooni, kila mmoja pima sita. Naye alikwisha kusuka pima kumi.

"Mama Said," alimwita mkewe kwa sauti ya chini. "Hebu njoo utazame ndoo hii."

Mwaisha alichelewa makusudi. Tangu jana alikuwa amenuna, kwa kuwa ngozi ile ilitoka kwa ng'ombe aliyeporomoka korongoni akafa bila kuchinjwa. "Baba Said, kisichotajiwa Mungu kina wenyewe," alimwonya. Pazi akacheka: "Kwani mimi naila? Naisuka tu!"

Sasa uani palinuka udi, na hapakuwa na aliyefukiza.

"Acha kusuka," Mwaisha alinong'ona.

"Siwezi. Vidole havinisikii."

Ngozi mbichi ikikauka hubana, ndiyo maana msukaji huivua kiunoni jua lisije likamkuta nayo, lakini Pazi alipomwomba mkewe amfungulie fundo, Mwaisha hakuliona, kamba ilikuwa imejishika yenyewe mzunguko mzima, na kila pumzi aliyoitoa mumewe kamba iliifuata ndani ikakataa kurudi, na alipoleta kisu makali yakateleza kama juu ya mgongo wa kitu kilicho hai, na kutoka ndooni, chini ya maji, sauti ya mwanamke ikasema taratibu, "Ni kweli, wewe huili. Tunaokula ni sisi."

Mwaisha akakimbilia pipa, akammwagia mumewe maji kiunoni. Kamba ikalegea, upana wa kidole.

Shehe Ahmadi alifika baada ya alasiri, akasoma mpaka udi ukatoweka na vidole vikatulia. Kisha akafuta jasho, asiwatazame usoni.

"Mikono amekurudishia, mzee wangu. Kiuno amekataa."

Wasemao kwamba Pazi alikufa siku ile wamekosea: yu hai, mpe shikamoo ataitikia, ila hazungumzi kwa kirefu. Wasemao shehe aliikata kamba hawakuwapo. Na wale walioudhika kwamba miezi baadaye Mwaisha hakwenda Dakawa kumzika dada yake wa tumbo moja, wakasema ni kiburi, nao hawajui wasemalo. Alikwisha kujitanda kanga, alifika hadi mlangoni.

Hapakuwa na mwingine wa kuilowesha kamba.